Kizibo cha Ghent: nusu saa ya propani nyuma ya duka

Asubuhi ya Jumanne tarehe 30 Januari 2007, fundi kijana wa gesi alikuwa peke yake na matanki mawili nyuma ya duka la Little General, katika kijiji cha Ghent, jimbo la West Virginia nchini Marekani. Duka lilikuwa limehama kampuni ya gesi. Tanki jipya lilishawekwa, la zamani lilitakiwa kuondolewa, na kabla halijaondolewa propani iliyobaki ndani yake ilibidi ihamishiwe kwenye jipya. Fundi mkuu wake alikuwa amekwenda kwenye kazi nyingine. Kijana akafungua kizibo cha valvu ya kutolea kimiminika. Propani ikaruka juu kama bomba kuu la maji lililopasuka, wala haikusimama.

Saa 4:53 asubuhi duka lililipuka na kusambaratika lote. Walikufa watu wanne: mafundi wote wawili, maana yule mkuu alikuwa amerudi mbio kusaidia, pamoja na wahudumu wawili wa dharura walioitwa. Sita walijeruhiwa, wakiwemo wafanyakazi wanne waliokuwa bado ndani ya duka. Gari la wagonjwa lililofika kutoa msaada nalo liliharibiwa.

Tangu kizibo kitoke hadi mlipuko ilipita karibu nusu saa. Nimekichagua kisa hiki kwa ajili ya watu wanaobadilisha mitungi ya propani kwenye foklifti, magari ya kunyanyulia mizigo ghalani, na najua wengine watauliza tanki la duka linawahusu nini. Linawahusu kwa mambo mawili. Valvu iliyoleta balaa Ghent ni ya kutoa kimiminika, si mvuke, na mtungi wa foklifti nao hutoa kimiminika. La pili ni hiyo nusu saa yenyewe, ambayo naiona ikijirudia kwa kipimo kidogo katika maghala mengi kila gesi inaponukia.

Tuanze na valvu. Tanki lile lilikuwa la galoni 500, yaani lita zipatazo 1,900. Juu ya tanki la namna hiyo kuna sehemu ya kujazia, ya kutolea mvuke kwenda jikoni, geji, valvu ya usalama inayopumua mgandamizo ukizidi, na hiyo ya kutolea kimiminika. Nyingine zina kazi za mara kwa mara. Hii ya mwisho inaweza kukaa miaka bila kuguswa, ikingoja siku tanki litakapohamishwa. Imetengenezwa ijifunge yenyewe: ili ifunguke, fundi hufunga juu yake adapta maalumu inayosukuma kidude cha ndani. Pasipo adapta, kizibo kikitoka hapatakiwi kutoka kitu.

Kizibo nacho si kifuniko cha kuzuia vumbi tu. Kwenye hesi zake kuna tundu dogo ambalo ni rahisi mtu asiliangalie. Unapoanza kukilegeza, kabla hakijaachia hesi zote, gesi iliyonaswa chini yake hupata njia ya kutokea kupitia tundu hilo. Ikitoka kidogo na kukata, ujue valvu ya chini imefunga, endelea. Ikizidi kuvuma bila kupungua, ujue valvu iko wazi: kaza kizibo kilivyokuwa, simamisha kazi, mpigie simu mwenye tanki. Hesi bado zimeshikana wakati huo, na zamu mbili tatu za spana zinarudisha kila kitu mahali pake.

Valvu ya Ghent ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, CSB, ilieleza katika ripoti yake ya Septemba 2008 kwamba ilikuwa na kasoro ya kiwandani. Kwa nje hakuna ambaye angeweza kuiona kasoro hiyo, si kijana wala mkongwe. Kilichoweza kumwambia ni lile tundu, na yeye alikuwa na mwezi mmoja na nusu tu kazini bila mafunzo rasmi ya kazi ile. Akazungusha mpaka mwisho. Tangu hapo kukirudisha kizibo kulikuwa nje ya uwezo wa mkono wa mtu. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hata baridi ikifika nyuzi sifuri, ndani ya tanki bado kuna mgandamizo zaidi ya mara nne ya hewa tunayovuta. Inatoka na nguvu hiyo, na inagandisha kila inachokigusa, vidole vikiwemo.

Wapo wanaosoma kisa hiki wakamtupia kijana lawama zote. Mimi siwezi. Aliyemwacha peke yake na kazi ambayo hatari yake yote imefichwa chini ya kizibo kimoja ndiye wa kuulizwa kwanza. Kuhamisha gesi kutoka tanki moja kwenda jingine si kazi ya kujifunzia mwenyewe wakati mkubwa wako yuko barabarani.

Tanki lenyewe lilikuwa limewekwa mwaka 1994, likagusana kabisa na ukuta wa nyuma wa duka. Kanuni za Marekani kwa tanki la ukubwa huo zinataka futi 10, yaani mita 3, kati yake na jengo. Kwa zaidi ya miaka 12 magari ya gesi yalikuja kulijaza, kampuni iliyolimiliki ikabadilika, na tanki likabaki palepale. Mtu akikizoea kitu kilichokaa vibaya, macho yake huacha kukiona.

Umbali huo ungesaidia nini? Watu wa gesi tunafundishwa kwamba propani ni nzito kuliko hewa, mvuke wake una uzito wa mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujaa mashimoni na kwenye mitaro. Ni kweli. Lakini Ghent propani iliruka wima ikiwa na mgandamizo, ikapanda sambamba na ukuta mpaka kwenye upenu wa paa, na chini ya upenu kulikuwa na matundu ya kupitishia hewa. Ikaingilia darini, kisha uzito wake ukaishusha dukani. Wafanyakazi wangelinda milango na sakafu kutwa nzima, gesi ingewajia kutoka juu. Tanki lingekuwa mita 3 mbali, sehemu kubwa ya propani ile ingetawanyika uwanjani.

Kwetu jambo la umbali halihitaji maelezo marefu tangu usiku wa tarehe 1 Februari 2024 huko Embakasi, Nairobi. Baada ya mlipuko wa gesi wa usiku ule, mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilisema maombi ya kibali cha kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, na sababu kubwa ilikuwa michoro kushindwa kutimiza umbali wa usalama. Makazi ya watu yalikuwa jirani.

Sasa hesabu kidogo, maana pasipo hesabu hiyo nusu saa haieleweki. Lita moja ya propani ya kimiminika ikigeuka mvuke hutoa takriban lita 270. Mvuke huo huanza kushika moto ukifika asilimia 2 na kidogo ya hewa, na huendelea kushika mpaka karibu asilimia 9.5. Kwa hiyo lita moja tu iliyomwagika inatosha kukifanya chumba cha mita 2 kwa mita 2.5, chenye dari ya mita 2.5, kiwe tayari kulipuka. Nyuma ya duka la Ghent palikuwa na tanki la lita 1,900, halikuwa limejaa, lakini propani ilikuwa inatoka bila kizuizi.

Ndipo tunafika kwenye nusu saa. Kijana alimpigia fundi mkuu wake simu. Fundi mkuu akageuza njia. Dukani walishanusa, wakaweka tangazo mlangoni kwamba duka limefungwa, wakazima majiko. Simu ya dharura ya 911 ilipigwa yapata saa 4:40, na aliyeipokea hakuwa na mwongozo wowote mbele yake wa maswali ya kuuliza kuhusu propani inayovuja, wala wa kumwambia mpigaji awatoe watu kwanza. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea kikatuma watu, na gari la wagonjwa likaja. Fundi mkuu akafika na kwenda moja kwa moja kwenye tanki.

Ukitazama hatua moja moja, hakuna aliyekaa bure. Kila mtu alifanya kitu, na kila kitu kilikuwa na sababu yake. Wafanyakazi walizuia wateja wasiingie, jambo la busara, ila wao wenyewe walibaki ndani. Walizima majiko, lakini duka lina friji, lina taa, lina mitambo mingi inayojiwasha na kujizima yenyewe, na cheche moja ya swichi inatosha. Tena ndani ya chumba ambacho gesi imeshaingia, kuzungukazunguka ukizima vitu ni hatari yenyewe: swichi hutoa cheche inapozimwa kama inavyotoa inapowashwa. Ukinusa gesi ndani, mikono mitupu, mlango, nje.

Nionavyo mimi, kosa zito lilikuwa kungoja. Kijana alimngoja fundi mkuu kwa sababu ndiye anayejua. Watu wa dukani waliwangoja mafundi kwa sababu gesi ni kazi ya mafundi. Mpokea simu aliwaachia zimamoto. Zimamoto walipofika walikuta mafundi wako kwenye tanki, na ni rahisi kudhani kwamba fundi akiwa kazini mambo yamo mikononi mwa mwenyewe. Kijitabu ambacho wahudumu wa dharura wa Marekani hubeba garini kwa ajili ya mizigo hatari kinasema gesi ya aina hii ikivuja watu watengwe angalau mita 100 kila upande, na uvujaji ukiwa mkubwa, wafikiriwe kuhamishwa mpaka mita 800 kule upepo unakoelekea. Kufika mita 100 kwa miguu hakuzidi dakika mbili. Hawakukosa muda.

CSB haikuishia kwenye valvu. Iliona kwamba West Virginia haikuwataka wazimamoto warudie mafunzo ya vitu hatari wakishayapata mara ya kwanza. Ikapendekeza mafunzo yawe lazima kwa mafundi wa propani, na wapokea simu za dharura wapewe maswali na maelekezo ya kusoma mtu anaporipoti kuvuja kwa gesi. Pendekezo hilo la wapokea simu ndilo nililolipenda zaidi. Halihitaji mtambo wala fedha nyingi. Ni karatasi mezani.

Tuje ghalani. Mtungi wa jikoni husimama, na kinachotoka juu yake ni mvuke. Mtungi wa foklifti hulazwa nyuma ya dereva, na kinachokwenda kwenye injini ni kimiminika, kinachogeuzwa mvuke kikiwa njiani. Ndani yake kuna mrija uliopinda kuelekea upande ambao ni lazima ukae chini, na valvu ya usalama lazima iwe juu, penye mvuke. Ndiyo sababu kola ya mtungi ina tundu, na kitandani mwake kwenye foklifti kuna pini. Pini isipoingia kwenye tundu, mtungi umelala kombo. Injini inaweza kuwaka, dereva akaridhika, lakini siku jua kali litakapoupasha moto, valvu ya usalama itatema kimiminika badala ya mvuke, na kimiminika ni mara 270. Nimewaona madereva wakiupiga teke mtungi usioingia vizuri. Usioingia kwenye pini hauingii, uzungushe.

Kubadilisha mtungi kuna mpangilio wake, na watu wengi huanzia katikati. Foklifti ipaki mahali pa wazi, mbali na moto, na shimo, na mtaro, na chaja za betri. Funga valvu ya mtungi huku injini ikiunguruma. Iache inywe gesi iliyobaki kwenye mpira unaoipelekea gesi mpaka izime yenyewe. Itakohoa kidogo kwanza. Zima swichi. Vaa glavu, kisha legeza kiungio cha mpira na mtungi kwa mkono, si kwa spana. Hapo utasikia mvumo mfupi na labda kuona ukungu mweupe kidogo, halafu kimya.

Mvumo huo ni ndugu wa lile tundu la kizibo cha Ghent. Ukikata, endelea. Usipokata, valvu ya mtungi haikufunga au imekufa, na kiungio bado kimeshika hesi zake: kikaze. Hapo ndipo pa kukomea. Ambaye amewahi kusikiliza huo mvumo mara kadhaa akiwa ametulia hatakosa kuutambua siku ukirefuka. Lakini ghalani kuna kelele, kuna lori linangoja kupakiwa, na msimamizi anaita jina lako. Kazi ya kubadilisha mtungi inapewa yeyote aliye karibu, na kijana mgeni hujifunza kwa kumtazama mwenzake ambaye naye alimtazama mwingine.

Mtungi mpya kabla haujafungwa, chungulia ndani ya kiungio uone kama oringi ipo na haijakatika. Pete hiyo ndogo ya mpira ndiyo inayozuia gesi, na hupotea ikabaki imenasa upande wa pili bila mtu kujua. Ukishakaza, fungua valvu polepole. Ukiifungua kwa pupa, kizuizi cha ndani kinachokinga mpira wa gesi ukikatika hudhani umekatika kweli na kujifunga. Foklifti inakataa kuwaka, mtungi uliojaa unarudishwa kwenye rundo la mitupu, na aliyeupokea ataushika kama mtupu. Kisha povu la sabuni kwenye kiungio. Kiberiti cha kupimia mvujo bado kipo katika baadhi ya karakana, na siku hizi nimeacha kubishana na wenye nacho, naondoka tu.

Foklifti ikilala ndani ya ghala, valvu ya mtungi ifungwe. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinasema hivyo waziwazi, pamoja na kwamba isilale karibu na joto, moto au shimo. Mvujo mdogo wa kiungio, usiotosha hata kunusika mchana milango ikiwa wazi, una saa kumi za usiku za kujikusanya. Mtungi wa kilo 15 una lita 30 hivi za kimiminika. Ukimwagika wote na kuchanganyika sawasawa, unaweza kufikisha kiwango cha kushika moto kwenye chumba cha mita 10 kwa mita 10 chenye dari ya karibu mita 4. Ghala kubwa litaustahimili. Ofisi iliyo pembeni yake, au chumba cha betri, hapana.

Na gesi ikivuja isizuilike? Mtu wa kwanza kujua ndiye wa kutoa amri ya watu kutoka, hata akiwa kibarua wa juzi. Hilo liandikwe, litangazwe kwenye kikao cha asubuhi, na msimamizi aseme kwa mdomo wake mbele ya wote kwamba ghala likitolewa watu kwa harufu iliyogeuka kuwa si kitu, hakuna atakayekatwa mshahara wala kuchekwa. Simu ya zimamoto ipigwe kutoka nje, na anayepiga ataje mambo matatu kabla ya mengine: ni propani, inatoka kimiminika au mvuke, na je, watu wote wameshatoka.